Tanki Lisiloshika Maji

Fundi Shekiondo alileta michoro mitatu
nyuma ya kalenda ya mwaka juzi,
akaikandamiza mezani kwa kopo la sukari.
"Chagua, mama. Darubini yako inataka nyumba,
na nyumba ni paa."

Wa kwanza: paa la mabati juu ya magurudumu,
linasukumwa pembeni kama mlango wa godauni.
Rahisi, alisema, mbingu nzima kwa mkupuo.
Lakini ua wangu wa Makorora ni hatua kumi na moja;
paa likisogea litaingia dirishani kwa jirani,
na taa ya barabarani, ile ya nguzo ya saba,
itaingia kwangu bila hodi.

Wa pili: kuba la chuma, vipande kumi na viwili,
kama chungwa lililomenywa likarudishiwa maganda.
Nililitamani, sifichi.
Nikaenda kwenye geti la jirani, la mwaka jana tu,
nikalisugua kwa kidole, kidole kikarudi chekundu.
Miaka thelathini na moja nilipiga picha za mifupa Bombo,
najua kitu kinavyoliwa kwa ndani.
Chumvi ya Tanga haina papara. Inakula mpaka sahani.

Wa tatu haukuwa mchoro. Duara tu,
na chini yake herufi kubwa: TANKI.
Plastiki nyeusi, lita elfu kumi.
Ukilikata kichwa, kichwa chenyewe ni kuba:
hakishiki kutu, hakipitishi mwanga.

Wiki ile maji yalikuwa yamekatika siku ya nne.
Bi Zuhena akapita na ndoo mbili,
moja kichwani, moja ikimgonga goti.
"Nasikia unanunua tanki?"
Nikasema ndiyo.
"Alhamdulillahi. Mtaa utapumua."
Nikashindwa kumwambia
kwamba nitalipitisha msumeno
nipate kumwona Zohali.

Usiku nikapiga hesabu kitandani.
Lita elfu kumi, ndoo ya ishirini:
ndoo mia tano.
Mia tano!
Nikajaribu kujua nyota moja ni ndoo ngapi,
hesabu ikagoma,
nikaamka kunywa maji, nikakumbuka hayapo.

Shekiondo ndiye aliyelikuta, nyuma ya stoo ya shule, Pongwe:
tanki kuukuu, ufa kutoka shingoni hadi kiunoni,
na ndani yake mbuzi wawili wamehamia.
Mlinzi alitaka elfu hamsini,
tukaelewana thelathini na tano, mbuzi watoke kwa hiari yao.
Fundi akalipiga ngumi, likaguna.
"Maji halishiki," akasema.
"Lakini ingia. Unaona? Giza linashika."

Ule ufa tukaufuata na msumeno, tukaupanua
mikono miwili, ndio mwanya.
Magurudumu manane ya machela zilizostaafu kama mimi
tukayafunga chini ya ukingo, lizunguke.
Kifuniko tukakitia kamba ya mkonge;
kamba nyingine, hapa Tanga, ningeona haya.

Watoto wakaliita kofia ya jini.
Ustadhi Mbwana akauliza, kwa adabu zake zote,
kama kuba hili linaelekea kibla.
"Na huko pia," nikamwambia, "ukilisukuma."
Akalisukuma mwenyewe, mizunguko miwili,
kanzu kaishika kwa mkono mmoja.

Usiku wa kwanza, mawingu.
Wa pili, mawingu.
Wa tatu umeme ukakatika Makorora nzima
na mimi, peke yangu katika mtaa mzima, nikashukuru.

Ndani kulinuka plastiki na mbuzi.
Bi Zuhena alikuja na ndoo, mazoea tu,
akaiweka chini, akainama,
jicho moja kalifinya kama anayetunga uzi.

Kimya.

"Ana pete," akasema.
"Anayo."
"Kavishwa na nani?"
Nikamwambia sijui.
Akaigeuza ndoo kifudifudi,
akaikalia,
akasogeza tena jicho.